Ijumaa Tuliyokula Yiti

Niliondoka Ruwi asubuhi ya Ijumaa nikiwa na begi moja na bila mpango wowote. Kitanda nilichokuwa nalalia, cha chini katika chumba cha watu sita, kilikuwa kimepata mwenyewe mwingine. Ndugu wa mwenzetu mmoja alikuwa amefika kutoka kwao Chittagong, na kwa siku tatu tulikuwa tukikitumia kwa zamu kama walinzi. Hakuna aliyenifukuza. Nilipoamka nikamwona amejikunja sakafuni, kichwa juu ya kiatu chake, nikamgusa bega, nikamwonyesha kitanda, nikakunja shuka langu na kushuka ngazi.

Nimehama hivyo mara nyingi. Niliacha shule darasa la sita kule Tanga kwa sababu nilitaka kujua meli zinakwenda wapi, na mwalimu hakuwa na jibu. Tangu hapo miguu yangu haijatulia. Katika miaka kumi na moja niliyokaa Maskati nimeziba pancha, nimepakua barafu, nimeosha mazulia ya misikiti, nimeendesha gari la maji. Kila kazi ilinipa mtaa mpya, na kila mtaa ukanipa mkahawa wake.

Mji huu naujua kwa tumbo. Kuna Mmalabari wa Ruwi anayepiga chapati za parata mezani kama dobi anavyopiga shuka, na ukimsifia anapiga kwa nguvu zaidi. Kuna Wayemeni wa Al Khuwair wanaoleta wali na mbuzi kwenye sinia moja, mnakaa chini watu msiojuana, kila mtu anachota upande wake, na lile pande kubwa la nyama la katikati hubaki likitazamwa kwa heshima mpaka mmoja akose haya. Mara nyingi ni mimi. Kuna mama wa Kiomani anayechoma mishkaki kando ya barabara, anakumiminia ukwaju mpaka unalamba kifundo cha mkono.

Na kuna bia. Ile ya kileo huuzwa hotelini nyuma ya mapazia mazito. Niliifikia nilipokuwa napeleka barafu, nikakaa nikanywa moja taratibu huku nikitazama watu wazima wakizungumza kwa sauti ndogo kana kwamba wako benki. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini bia ninayoipenda katika mji huu ni ya shayiri, isiyolewesha, inayokaa kwenye jokofu la kila duka. Wengine hutaka yenye ladha ya komamanga au pichi. Mimi nataka kavu, isiyo na tunda lolote, iliyolala kwenye barafu tangu jana. Ukiinywa umesimama juani, koo linatulia mpaka unasahau ulichokuwa unalalamikia.

Asubuhi ile nilikula parata mbili na yai kwa yule Mmalabari, nikafungiwa sambusa nne kwenye gazeti, nikaanza kutembea upande wa barabara wenye kivuli. Kivuli kilipohama nami nikavuka nacho. Kwa mwendo huo nikajikuta Wadi Kabir, kwenye uwanda wa kokoto chini ya mlima, ambako watu walikuwa wakishusha mazulia ya gari kutoka kwenye pikapu.

Nilikaa juu ya ukuta nione mazulia ya gari yanakwenda kufanya kazi gani. Mtu mmoja alihesabu hatua, akatandika la kwanza. Akapinda, akahesabu tena, akatandika la pili. Yakawa manne, yamekaa umbo la tiara inayorushwa na watoto. Kisha zikatoka glavu kubwa za ngozi na gongo lililochongwa laini, jembamba kwenye mshiko, nene mbele. Hapo nikajua. Ulikuwa ni mchezo wa besiboli, niliowahi kuuona kwenye televisheni ya saluni bila kuelewa hata dakika moja. Nilifurahi sana. Jambo nisilolielewa lilikuwa linataka kuanza mbele yangu, bure, na sambusa ninazo.

Walikuwa pande mbili. Upande mmoja Wafilipino na Wajapani, fulana zao zimepigwa pasi. Nahodha wao alikuwa fundi wa viyoyozi, Mfilipino mnene mwenye adabu nyingi na asiye na huruma hata kidogo. Upande wa pili ulikuwa mchanganyiko: dada wanne wa Kiganda wanaofanya kazi majumbani na mikahawani na kupata mapumziko siku ya Ijumaa, mwalimu mmoja wa Kiomani, na Wasirilanka watatu wa duka la rangi. Kiongozi wao alikuwa mmoja wa wale Waganda, mwanamke mrefu wa miaka kama thelathini mwenye mikono ya mtu wa kuchota maji. Alikuwa akihesabu watu wake. Alifika nane, akaanza upya, akafika nane tena. Mwenzao wa tisa alikuwa ameitwa kazini ghafla.

Yule fundi wa viyoyozi alimwambia, kwa kile Kiarabu cha sokoni tunachosema sisi sote tusio Waarabu, kwamba nane si tisa, na asiyetimia ameshindwa. Alisema kwa upole, akiinamisha kichwa, kama anayetoa rambirambi.

Mimi nikajisemea kwa Kiswahili kwamba huyu bwana anawaonea. Nilidhani nimesema chinichini. Yule mwanamke akageuka.

"Kaka wa ukutani. Kumbe wewe ni mtu wetu?"

Nikamwambia mimi ni wa Tanga.

"Uko na miguu miwili?"

"Nilipoamka ilikuwa miwili."

"Yalla, shuka. Na hizo sambusa ukuje nazo."

Nilimweleza kwamba sijui sheria hata moja ya mchezo huu. Akasema wale Wasirilanka nao hawazijui, na kwamba kazi ya mtu wa tisa ni kuwa wa tisa, hakuna anayemtegemea kwa lingine. Sijawahi kupewa kazi kwa maelezo mafupi namna hiyo.

Alipokuwa akinivisha glavu mkono wa kushoto ndipo aliponieleza kinachoshindaniwa. Watu hawa wana desturi yao. Mchezo huanza saa moja asubuhi na lazima uishe mapema watu wawahi kuoga na kwenda sala ya Ijumaa. Baada ya sala pande zote mbili hula pamoja, na washindi ndio wanaochagua mkahawa. Walioshindwa hawana sauti. Kwa Ijumaa tano mfululizo Wafilipino walikuwa wameshinda, na kwa Ijumaa tano mfululizo watu wote walikuwa wamekula supu ya ukwaju katika mkahawa uleule wa Kifilipino. Supu yenyewe si mbaya, alisema, ila sasa anaiota.

Yeye alikuwa mpishi Yiti, kijiji cha wavuvi nyuma ya milima, kama nusu saa kwa gari. Bosi wake, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, alikuwa amefungua huko mkahawa wa meza sita. Chakula chake kilikuwa hakina mwenzake, lakini njia ile haikuwa na wapitaji, na mtu akishafika Yiti amefuata pwani na ameshajibebea mkate wake. Nyumba ilikuwa ya kaka wa huyo mama, mwenye boti. Huyo kaka alikuwa amesema neno la mwisho: Ijumaa hii ikipita bila wageni, mkahawa unafungwa na mahali pale panakuwa stoo ya mashine zake. Chumba cha nyuma kilikuwa kimeshafagiliwa kuzipokea.

Nikauliza kwa nini wasiwaombe tu hawa watu waende kula huko siku moja.

"Nilimwambia madam hivyo. Akanijibu, mgeni aliyekuja kwa huruma anakula nusu sahani halafu harudi. Anataka tuwapeleke kwa haki yetu."

Kwa hiyo kila Ijumaa, hizo zote tano, mama yule alikuwa anapika mapema kana kwamba wameshashinda, kwa sababu aliona ni aibu kushinda halafu wageni wakute jiko baridi. Ikifika simu ya kushindwa, alibeba sinia moja moja akazigawa kwa majirani na kusema ni sadaka. Majirani walikuwa wameanza kunenepa.

"Na leo amepika?"

"Nguru wawili wakubwa. Wali pekee ndio anangojea simu."

Basi nikajua ninachochezea. Sikumjua mama yule, lakini nilishaanza kumfikiria nguru.

Kwa kuwa sikujua kitu, nilipelekwa mbali kabisa, nyuma ya wote, mahali ambapo mpira haufiki mara nyingi. Ulifika mara mbili. Wa kwanza ulipita katikati ya miguu yangu ukaenda mpaka kwenye magari, walikokaa wake na watoto wa wachezaji. Wa pili niliusimamisha kwa kifua, bila kukusudia, na mwalimu wa Kiomani akanipigia makofi. Kutoka kule nyuma nilianza kuuelewa mchezo. Mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo, akipiga vizuri anakimbia kutoka zulia hadi zulia. Akiwa juu ya zulia yuko salama. Akiwa katikati na akaguswa na mwenye mpira, ametolewa. Akizunguka yote manne akarudi alikoanzia, panapoitwa nyumbani, upande wake umepata pointi. Watatu wakitolewa, mnabadilishana. Nilishangaa kitu kilichoonekana kigumu vile kwenye televisheni kinaweza kukaa kwenye sentensi tano.

Kiongozi wetu ndiye aliyekuwa mrushaji wetu. Alikuwa amefundishwa shuleni kwao Uganda, na alirusha mpira kama anayemtupia mtu ukweli. Wafilipino wengi waliupiga upepo. Lakini sisi nasi hatukuwa tukipiga sana, maana mrushaji wao, mhandisi wa Kijapani mwenye miwani, hakuwa anakosea.

Katikati ya mchezo likafunguliwa sanduku la barafu. Ndani mlikuwa na bia za shayiri za kila namna, na hapo hakukuwa na upande. Yule mhandisi alimimina ya kwake kwenye kikombe cha plastiki, akaiinamisha mpaka povu likakaa sawasawa, kidole kimoja, akaitazama kabla ya kunywa. Nilipenda mtu anayeheshimu kinywaji kiasi kile. Nilimwomba mpira wa zamani uliopasuka nione ndani umejazwa nini, naye akanipa bila kuuliza. Ulikuwa nyuzi tupu, nyuzi juu ya nyuzi, na kiini kidogo cha mpira mweusi katikati. Nilikaa nikiufungua mpaka nikaitwa mara mbili.

Nilikuwa nimeitwa kushika gongo.

Hapo ndipo nilipowaaibisha. Mhandisi alirusha, mpira ukaja wa haki, mahali pa kupigwa kabisa, na mimi nikaukwepa. Ukaja wa pili, nikaukwepa kwa kurudi nyuma. Wa tatu niliinama ukapita juu yangu. Mitatu ya haki ikikupita umekwisha, nikatolewa bila kulinyanyua gongo. Wafilipino walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Fundi wa viyoyozi aliuliza kwa adabu kama mimi ni mchezaji au mcheza ngoma.

"Mpira hauna kisu," kiongozi wetu aliniambia niliporudi. "Unaukimbia nini?"

Sikuweza kumjibu mbele ya watu. Mimi nililelewa na dada wanne, na mchezo wa uani kwetu ulikuwa rede. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira, wewe uko katikati unajaza chupa mchanga, na mpira ukikugusa umekufa. Ni mchezo wa wasichana. Wavulana wa mtaani walinicheka kwa kuucheza, miaka mingi, mpaka wakachoka. Nilikuwa sijaucheza kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilidhani mwili umeshasahau. Mwili ulikuwa haujasahau chochote. Kila mpira uliokuja kwangu, mwili ulisema kufa.

Nilimnong'oneza hayo mwishowe, tulipokuwa tumekaa. Hakucheka. Aliniuliza tu kama nilikuwa hodari. Nikasema dada zangu walikuwa wakigombea nani anichukue.

Ikafika raundi ya mwisho, nasi ndio wa kumalizia kupiga. Pointi zilikuwa sita kwa sita. Jua lilikuwa limepanda, na mwalimu alishaanza kutazama saa yake kwa ajili ya sala. Pointi moja tu ingetosha. Kiongozi wetu alipiga mpira mrefu akafika zulia la tatu, hatua chache kutoka nyumbani. Lakini wawili wetu walikuwa wameshatolewa, na aliyekuwa anafuata kupiga ni mimi.

Niliona watu wangu wakitazama chini. Dada mmoja wa Kiganda alianza kukusanya chupa.

Nilisimama na gongo begani nikafanya nilichojua kufanya. Sikutulia. Nilisogea, nikapinda, nikajivuta, nikarudi. Mhandisi alirusha mpira ukaenda pembeni. Akavua miwani akaifuta, akarusha, ukaenda juu. Hakuweza kupata mahali niliposimama kwa sababu sikuwa nimesimama. Rusho la nne lilipokwenda upande, mwalimu alinifokea nilitupe gongo na niende zulia la kwanza. Kumbe mrushaji akikosea mara nne, unapewa zulia la kwanza bila kupiga. Nilikwenda kwa mwendo wa harusi.

Kisha nikakosea, na nilikosea vibaya. Aliyejua mchezo angebaki juu ya zulia lake mpaka mwenzake apige. Lakini katika rede ukisimama umekwisha, na miguu yangu ilikuwa imeshapata moto. Nikatoka hatua tano, sita, nikielekea zulia la pili bila sababu. Mhandisi akageuka akaniona. Akampa mpira mlinzi wa zulia la kwanza, Mfilipino kijana mwenye mbio, aliyekuwa nyuma yangu. Mbele yangu, kwenye zulia la pili, alisimama mwenzake mkono umenyooshwa. Nilikuwa katikati, sina pa kwenda. Yeyote kati yao akinigusa na mpira nimetolewa, wa tatu, hakuna pointi, na pengine watu wote wanarudi kula supu ya ukwaju. Kiongozi wetu kwenye zulia la tatu alishika kichwa kwa mikono miwili.

Na mimi nikatazama nyuma nikaona mtu mwenye mpira, nikatazama mbele nikaona mtu anayeungojea, nikasikia raha ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimerudi uani kwetu.

Wa nyuma akaja mbio. Nilimwacha afike karibu, nikakimbilia mbele, akarusha juu ya bega langu. Wa mbele alipodaka mimi nilikuwa nimeshageuka. Akanifuata, nikarudi, akarusha. Ulikuja chini, nikaruka juu yake, ukapita ukadakwa. Walirushiana mara tano, mara sita, na kila mara vidole vilinikosa kwa upana wa kiganja. Watu wao walianza kupiga kelele. Wakaongezeka wawili, mhandisi naye akaja mbio, wote wakinitaka mimi, wamekasirika sasa, maana mtu aliyekwepa mipira akiwa na gongo mkononi hawezi kuwatoroka wachezaji wa kweli mbele ya wake zao.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama zulia la tatu.

"Dada, nenda," nikamwambia kwa sauti kuu. "Hawa ni wangu."

Akaelewa. Mikono ilitoka kichwani akaanza kukimbia. Fundi wa viyoyozi, aliyekuwa analinda nyumbani, ndiye wa kwanza kuona, akapiga ukelele wa Kifilipino uliowagutusha wote. Mwenye mpira wakati ule alikuwa yule wa zulia la kwanza, na nilikuwa mbele yake kabisa, angenyoosha mkono angenipata. Akanitazama mimi. Akatazama nyumbani. Akanitazama tena. Nikamtolea ulimi, Mungu anisamehe, mtu mzima wa miaka arobaini. Alipokuja kurusha, kiongozi wetu alikuwa amelala kifudifudi juu ya zulia la nyumbani amelikumbatia, kokoto zimemchubua viwiko vyote viwili, na vumbi limemfunika.

Saba kwa sita.

Sitaki kueleza kelele zilizofuata. Nilibebwa na Wasirilanka wawili wa duka la rangi, nikaangushwa, nikabebwa tena. Lakini desturi yao ina kipengele kimoja ambacho hakiendi kwa kelele. Nahodha aliyeshindwa lazima achukue gongo, amkabidhi nahodha aliyeshinda kwa mikono miwili, na aulize swali. Fundi wa viyoyozi alijifuta uso, akalichukua gongo, akainama.

"Tunakula wapi?"

Yule mwanamke alikuwa amelingojea swali hilo Ijumaa tano. Alilipokea gongo, akalipangusa vumbi.

"Yiti," akasema. "Kwa madam wangu."

Kisha akapiga simu palepale, akaweka sauti ya nje tusikie wote. Simu iliita mara moja tu. Hakusalimia.

"Madam, weka maji ya wali."

Upande wa pili sauti ya mwanamke mtu mzima, ya Kiunguja chenyewe, ikauliza wako wangapi. Kiongozi wetu akahesabu vichwa, pamoja na wake na watoto waliokuwa kwenye magari. Ishirini na saba.

"Haya. Nnawapikia arubaini. Watu waliocheza hawali kama watu." Na akakata.

Fundi wa viyoyozi alinifungulia bia kwa ufunguo wa gari lake, kavu, isiyo na tunda, kana kwamba alikuwa ameniuliza. Alitaka kujua ngoma ile inaitwaje. Nikamwambia. Alirudia neno rede mara tatu ili asilisahau, akasema kuanzia Ijumaa ijayo ni marufuku.

Baada ya sala tulikwenda kwa msafara, magari saba. Mimi nilikaa nyuma ya pikapu na mazulia. Milima ya njia ile haina mti hata mmoja, ni mawe ya rangi ya mkate ulioungua, barabara inapanda na kushuka mpaka unadhani hakuna kitu mbele, halafu ghafla ni bahari na nyumba nyeupe chache. Nilikuwa sijawahi kufika. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikiona jina la Yiti kwenye kibao na kusema siku moja.

Mbele ya mkahawa kulikuwa na gari limeegeshwa kinyumenyume, mkia wake mlangoni, na juu yake mashine mbili za boti zimefungwa kwa kamba. Kando yake alisimama mzee wa kanzu ya kijivu na kofia. Ndiye kaka mtu, hakungoja hata jioni ifike. Mlangoni alisimama dada yake, mwanamke mfupi mwenye mtandio wa njano, mkono mmoja kwenye kizingiti, na ilionekana wazi kwamba walikuwa wanasemezana tangu muda mrefu.

Gari la kwanza likasimama, la pili, la tatu. Watu wakaanza kushuka. Mzee alihesabu kwa macho.

"Hawa ni wageni wako, au wamepotea njia?"

"Ondoa gari lako mlangoni, wangu wapite," dada yake akamwambia. "Kisha uje ushike sinia. Au uje ukae ule. Moja katika hayo."

Aliliondoa gari. Halafu, kwa kuwa meza zilikuwa sita na watu wengi, na wali ulikuwa unatoka jikoni kwenye masinia mazito, alikunja mikono ya kanzu akaanza kubeba. Nilimwona akimwekea mhandisi wa Kijapani kipande cha pili bila kuombwa.

Nguru alikuwa wa kupaka, amechomwa kwanza kwenye mkaa kisha akapakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili, likakauka juu yake likawa ngozi ya pili. Wali wa nazi, kila punje imesimama peke yake. Mchuzi wa pweza. Kachumbari ya maembe mabichi. Mkate wa kumimina bado wa moto, wenye harufu ya hiliki. Nimekula katika kila mtaa wa Maskati, na siku ile, nikiwa nimekaa kwenye kreti la bia za shayiri kwa sababu viti vilikwisha, nilijua kwamba hesabu yangu yote ya mikahawa imepata kichwa kipya. Hakuna aliyekula nusu sahani. Fundi wa viyoyozi alikula tatu, akaufungua mshipi, akatangaza kwa wote kwamba yeye ni nahodha wa haki na hajawahi kushindwa kwa makusudi, lakini kwamba sasa ataanza kulifikiria. Mhandisi alimwuliza mama kama anaweza kupokea watu kumi na wanane wa ofisini kwake Alhamisi. Akamjibu kwamba atampa jibu akishaona kama sahani zake zimerudi safi. Zilirudi safi.

Ilipofika alasiri mzee alitoka nje akalegeza kamba za mashine, akazikaza upya. Dada yake alimfuata mpaka kizingitini.

"Zitakaa kwangu barazani," mzee akasema akiwa amempa mgongo. "Mke wangu atanuna, basi. Alhamisi utahitaji samaki wangapi?"

Mama alijifuta mikono kwa mtandio, taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akasema wanne, wakubwa, na wasiwe wa jana. Mpishi wake wa Kiganda alikuwa nyuma yangu jikoni, viwiko vimefungwa kitambaa, akiosha sufuria na kuimba wimbo wa kwao kwa sauti ya juu mpaka nje.

Magari yakaanza kuondoka. Mwalimu wa Kiomani alinipa nafasi ya kurudi mjini. Nikasema asante, nitangoja. Sikujua nangoja nini. Nilikusanya sahani zilizobaki, nikapanga viti. Nilipoingia jikoni mama alikuwa ameketi kwa mara ya kwanza, miguu juu ya gunia la mchele.

Nilimwamkia. Akaitikia, akanitazama toka juu hadi chini.

"Ndiwe uliyewachezesha rede wale mabwana? Mie nimeicheza Unguja hadi nnaolewa. Nikisema hivyo humu Maskati hakuna anayejua nini nasema." Halafu akaniuliza nalala wapi. Nikamwambia leo asubuhi nilikuwa na kitanda Ruwi, sasa sina.

Akanionyesha kwa kidevu mlango wa nyuma. Kilikuwa kile chumba kilichofagiliwa kupokea mashine. Alisema mlikuwa na godoro moja la wageni juu ya kabati, mto angenitafutia. Kulipa nisilipe, ila saa kumi na moja alfajiri nishuke pwani na kaka yake nichague samaki, maana mpishi hawezi kuwa pwani na jikoni kwa wakati mmoja.

Nikamweleza ukweli, kwamba mimi si mtu wa kukaa, na siwezi kumwahidi mwezi.

"Nani kakuomba mwezi, mwanangu? Mie nimesema alfajiri."

Nilichukua begi langu. Mlango haukuwa na kitasa, ulikuwa na jiwe la kuegemeza kwa ndani. Chumba kilinukia ufagio na maji ya klorini. Nilitandika godoro, nikavua viatu vyenye kokoto za Wadi Kabir, kisha nikaenda kufungua dirisha nione linatazama wapi.